Amri ya Muda

Chennai, Novemba. Mvua inapiga madirisha ya mahakama,
na mimi, karani wa wakili Mangaiyarkarasi,
nimelikumbatia jalada kama mtoto mwenye homa.

Ndani yake mna amri, kurasa tatu na muhuri:
kalenda elfu arobaini za Velmayil, mchapaji wa Sivakasi,
zifungiwe ghalani, kufuli juu ya kufuli,
mpaka ijulikane tausi aliyesimama juu ya Januari
ni wa nani.
Ni ya muda tu, alisema jaji, kwa upole.

Ya muda.
Velmayil alilirudia neno hilo kwenye ngazi
kama anayeonja maziwa yaliyolala.
"Kalenda nayo ni ya muda, wakili.
Nani atanunua Januari mwezi wa Machi?"

Kisha akauliza wanachouliza wote:
tunaweza kukata rufaa?

Wakili wangu hakujibu upesi. Alivua miwani.
Kesi za biashara, akasema, sheria yake ina haraka;
imeandika orodha, na amri isiyomo
haina pa kupandia.
Zuio limo. Hilo tutalipandisha.
Ila siku ileile jaji alizikataa
karatasi zetu zilizochelewa: risiti za wino,
na mchoro wa penseli wa marehemu baba yako,
tausi mwenye mguu mmoja uliopinda.
Hilo halimo. Hilo tulimeze hadi hukumu ya mwisho,
ndipo tulitapike pamoja na mengine.

Velmayil akacheka, kicheko kikavu.
"Yaani naruhusiwa kulilia kufuli,
siruhusiwi kulilia ufunguo."

Asubuhi, dirishani pa masijala,
nikalipa ada, nikapewa namba, nikapewa tarehe:
Januari kumi na tisa, baada ya Pongal.
Kutajwa.
Kusikilizwa ni siku nyingine.

Sikujua nimpigie simu nimwambie nini.
Nikakaa kwenye benchi, viatu vimelowa,
nikafungua jalada penye Kielelezo A:
kalenda moja, iliyoponea kufuli
kwa kuwa ni ushahidi.
Najua hairuhusiwi kuandika juu ya kielelezo.
Nikaitafuta kumi na tisa. Jumatatu.
Nikaizungushia duara kwa penseli,
jepesi, la kufutika,
chini kidogo ya mguu uliopinda.