Dozi Tisa

Kupaza, kijana wa chuo, kapanda Magoroto
na simu yenye kioo kilichopasuka pembeni.
"Sista Mwanaidi, daftari sasa lipumzike.
Hii itahesabu chupa,
itapiga kelele jokofu likipata joto,
na ujumbe utashuka Muheza wenyewe
hata mtandao ukibaki kijiti kimoja."

Nikaijaribu. Nikasimama juu ya jiwe la uani,
ndipo mtandao unapopita.
Pepopunda: chupa ishirini na mbili. Kweli.
Gesi ya jokofu: siku nne. Kweli pia,
nami nilikuwa sijui.

Jumanne, mvua. Akaja mama mmoja tu,
tope hadi magotini,
mgongoni mtoto wa miezi tisa.
Chupa ya surua ni ya watoto kumi.
Nikaifungua.

Saa sita zikapita, wa pili hakutokea.
Simu ikaandika kwa rangi nyekundu:
Dozi tisa. HASARA.

Nikampigia. "Kupaza mwanangu,
umeunda vizuri, ila neno hili
umelitoa dukani.
Huyu katembea tangu alfajiri.
Ningemwambia nini, akawatafute wenzake tisa?"

Kimya. Nikadhani mtandao umekatika.

Wiki iliyofuata simu ikajibadili.
Hesabu ni ileile, tisa, haikufichwa.
Wekundu umeondoka,
na chini yake pana mstari mtupu:
Ilifunguliwa kwa ajili ya

Nikatafuta herufi moja moja,
kidole kikinukia spiriti,
nikaandika: Mkunde.