Sura ya Nne

Embakasi, saa mbili asubuhi. Lakiri imekatwa,
baridi ya kontena imetutokea usoni.
Nina kitabu cha ushuru kwapani, kalamu,
na glavu moja; ya pili sijui nimeiacha wapi.

Kitabu hakichoki kuuliza.
Ni maziwa, au yalikuwa maziwa?
Yameganda, au yamegandishwa?
Yana sukari? Mafuta ni asilimia ngapi?
Jibini la mahoteli lina mahali pake,
asali imepangwa jirani na mayai,
na mwisho wa sura, kama mgeni aliyekosa kiti,
*vyakula vya wanyama visivyotajwa kwingine.*

Unga wa maziwa ushuru wake unapita nusu ya bei.
Huo naujua bila kufungua ukurasa.
Kaka yangu Kibiwott ana ng'ombe wanne kule Nandi;
bei ya lita ikianguka hunipigia simu usiku
kana kwamba huo unga niliukama mimi.

Bi Ubah Gedi wa Islii amesimama penye kivuli
na makopo arobaini ya samli ya ngamia kutoka Salala.
"Hii ni dawa, mwanangu. Ya wazazi.
Mwanamke ametoka kujifungua, utampa siagi ya dukani?"

Dawa ziko sura ya thelathini, tena hazitozwi.
Anajua. Najua kwamba anajua.

Nafungua kopo moja.
Moshi.
Si wa kuungua. Wa chombo kilichofukizwa na mtu
asiye na haraka.

Kogo alikuwa akisugua kibuyu kwa kijinga cha moto
mpaka mursik itoke na madoa ya kijivu,
nasi tukigombania povu.
Ningeiweka wapi ile?
Mtindi, ndiyo. Ulioongezwa ladha?
Masizi ni ladha, au ni uchafu?
Afisa wa bandari ya watu angemwandikia Kogo barua,
naye angeitumia kuwashia jiko.

Naandika: *mafuta yatokanayo na maziwa.*
Bi Ubah anayasoma maandishi kichwa chini miguu juu,
anaguna, anafungua pochi. Habishani.
Kopo moja "amelisahau" mezani.
Namkimbilia nalo hadi getini.

Sasa ni saa kumi. Nimenawa mara mbili.
Ule mkono usio na glavu
bado unanuka moshi,
na kwenye fomu hakuna nafasi ya kulisema hilo.