Kandambili za Mfagiaji

Asubuhi Somsanouk alitubandika namba vifuani
kama vifurushi vya posta.
Mimi nilikuwa kumi na saba.
Alinyanyua juu mwavuli wa kijani, haukufunguliwa siku nzima,
nasi tukamwagika basini nyuma yake
na kofia, na chupa za maji, na mashingo yetu mekundu,
watu ishirini na watatu
tuliolipia mahekalu manne na kasri moja
kabla jua halijazama Mekong.

"Viatu vinabaki nje."
Alisema kwa lugha tatu, kisha kwa kidole.
Tukaviacha ngazini:
vya Bi Takala, kamba za zambarau,
buti za Mhandisi Pyo, nzito kama madeni,
na vyangu vya kahawia, vipya,
vilivyonilaza njaa mwezi mzima kabla ya safari.

Ndani giza lilinukia nta na maua ya jana.
Buddha mmoja mkubwa, na wadogo miguuni pake
wamejipanga kama darasa lisilo na mtoro.
Somsanouk alitaja mwaka, akataja mfalme,
akasema dhahabu hii ilipakwa kwa kidole gumba.
Kidole gumba nimekikumbuka.
Mwaka uliniponyoka nikiwa bado mlangoni.

Tulipotoka, kila kiatu kilimpata mwenyewe.
Vyangu havikuwepo. Hata kimoja.
Kundi lilinihurumia dakika mbili,
kisha likatazama saa.

Ndipo mwanamke mzee aliyekuwa akifagia ua
akaegemeza ufagio ukutani,
akavua kandambili zake za bluu, visigino vimelika,
akainama, akazipanga mbele yangu,
pua zikielekea barabarani.

"Mae Thao Bounmy," alisema Somsanouk.
"Anasema nenda. Kasri hufungwa saa kumi."

Nikaenda. Matofali yalikuwa yanaunguza,
na mimi si mtu wa kubishana na matofali.

Kasrini kiti cha enzi kimezungushiwa kamba
kama shimo barabarani.
Saa tano ukutani, zawadi za nchi tano,
kila moja imekufa kwa wakati wake.
Kitanda cha malkia kifupi kuliko nilivyodhani.
"Na mfalme, mwishowe?" aliuliza Bi Takala.
Somsanouk alishusha sauti, akaruka sura nzima,
akatua kwenye mapazia.

Wenzangu walipiga picha dari.
Mimi nilitazama chini.
Visigino vyangu vilining'inia nje ya mpira,
vidole vyangu vimekaa katika vishimo
vilivyochimbwa na vidole vya mtu mwingine,
mwaka baada ya mwaka, ua ule ule.
Sijawahi kuwa karibu hivyo na mtu nisiyemjua.

Hekalu la tatu silikumbuki. Nadhani lilikuwa na joka.

Ni kwenye ngazi za la nne, wengine wakisifu mto,
ndipo lilinijia, kama mtu aliyeacha jiko linawaka:
yeye sasa
anafagia amevaa nini?

Niliomba turudi. Basi zima liliguna.
Mhandisi Pyo alikumbusha habari ya chakula cha jioni,
mara mbili.

Tulimkuta peku, ua umekwisha,
anatembea ndani ya ukanda mwembamba wa kivuli cha ukuta,
mguu mbele ya mguu,
kama mtu juu ya kamba.
Aliponiona alicheka mpaka akashika kiuno.
Akaingia nyuma ya ngoma kubwa ya hekalu,
akatoka na kiatu changu cha kahawia, kimoja,
ulimi umetafunwa,
akaninyooshea mhalifu:
mbwa wa manjano, chini ya basi letu,
amelala usingizi wa wenye haki.

Nilivua kandambili.
Nikazipanga mbele yake, pua zikielekea hekaluni.
Noti niliyompa aliikunja vizuri, ikawa ndogo,
akaitumbukiza ndani ya kiatu,
akanirudishia vyote viwili.

Mlangoni Somsanouk alituhesabu, kama kawaida yake,
akiwa ameinamisha macho.
Watu ishirini na watatu.
Miguu arobaini na sita.
Viatu, alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu,
arobaini na vitano.