Nati Tatu za Akiba

Lilikuja Iyunga likivutwa kwa mnyororo
na trekta la Mwaisumo,
matairi mawili mazima, mawili jina tu,
gari la kulala, umri wake miaka arobaini na moja,
nyasi zimeota penye kizingiti cha mlango,
kuku ametagia chini ya usukani.
Nililinunua na mayai yake.

Jirani akauliza: Ambilikile, mnahama?
Subilaga akajibu kwa niaba yangu:
Anahama yeye. Mimi nitampelekea chakula hapo uani.

Mimi ni mtu wa karakana ya reli.
Miaka ishirini na sita nimefunga breki za mabehewa
yaliyofika nisikofika mimi.

Julai, Mbeya, saa kumi na mbili asubuhi,
spana inauma vidole kama mbwa asiyekujua.
Unalala chali juu ya gunia,
kutu inakudondokea machoni,
unaiambia nati namba kumi na saba maneno
ambayo mchungaji asingependa kuyasikia.
Unaipaka dizeli, unaiacha ilale.
Kesho yake inafunguka kwa vidole, bila ugomvi,
kana kwamba ilitaka tu kuombwa.

Nilibandua mbao za ukuta. Nyuma yake
uyoga, matandiko ya panya,
harufu ya mvua za zamani.
Nikadandia lori la viazi mpaka Mafinga
kutafuta mbao za paini zilizokauka kweli,
si zile zinazouzwa zikilia utomvu;
maana ubao mbichi ukiupigilia leo
Desemba unajikunja na kung'oa misumari yake.

Halafu siku ile ya ekzosi.
Juu ya kishikizo chake, mahali pasipofika jicho,
vidole vyangu viligusa kitu kilichofungwa kwa waya:
nati tatu, mpya, zimepakwa grisi,
zimeviringishwa kwenye kipande cha shati la mistari.
Nikaelewa. Mtu wa kabla yangu
alijua nati ya hapo huanguka.
Sijui jina lake, wala barabara gani ilimchosha
hata akaliacha gari hili kwenye ua wa watu.
Lakini alilala chali kama mimi.
Alisikia kitu kikigonga chini, akashuka usiku na tochi,
na safari iliyofuata akajiandaa.

Nilikaa na zile nati mkononi
mpaka Subilaga akaita chai mara mbili.
Nikafunga moja.
Mbili nikazirudisha kwenye kitambaa chake,
nikakaza waya.

Dari nimeliziba mara nne: silikoni ya Mwanjelwa,
lami ya fundi wa barabara, turubai, sala.
Machi ikaja na mvua yake isiyobisha hodi.
Tukalala humo usiku wa kwanza, sisi wawili,
gari limeegeshwa pale pale, jiwe mbele ya kila tairi,
jiko dogo la gesi, kabati linalofunguka ukilipiga goti,
pazia alilolishona yeye mwenyewe,
yeye aliyeapa hatalala ndani ya debe.

Mvua ikapiga. Tukasikiliza
kama wazazi wanaosubiri matokeo ya mtihani.
Saa saba, hakuna kitu. Saa nane, hakuna.
Saa tisa, tone moja,
katikati ya paji la uso wangu,
baridi kana kwamba limetoka Kitulo.

Subilaga akacheka mpaka kitanda kikalia.
Kuvuja kwa pakacha, akasema, nafuu ya mchukuzi.
Mchukuzi sawa, nikasema,
lakini mimi nimo ndani ya pakacha.

Akasogea upande wa ukuta, akanipisha penye ukavu,
akaweka sufuria pale kichwa changu kilipokuwa.
Ti.
Nikahesabu gizani. Ti.
Kati ya tone na tone, sekunde kumi na moja.
Mwaka jana zilikuwa nne.