Kikombe cha Meno

Mimi ndiye niliyenoa viatu vyake misimu kumi na mmoja,
chuma juu ya jiwe linalozunguka, cheche hadi kwenye nyusi.
Kinolewacho hupata, wasemavyo,
lakini Ghislain hakutaka kisu miguuni.
"Nipunguzie makali, Fernande," alisema,
"mimi sikimbii. Mimi nasubiriwa."

Huku Abitibi, mji wa shaba,
ambako moshi wa kiwanda huganda kabla haujaamua pa kwenda,
watu walimwita Fahali.
Alikuja kijana wa miaka kumi na saba, mwembamba,
gongo lake likiongea na kisahani
kama mtu anayembembeleza paka ashuke paani.
Kocha akamtazama mabega. Mikono hakuitazama.
"Wafungaji ninao. Sina wa kuwalinda."
Basi. Sentensi mbili, na maisha ya mtu yakakata kona.

Mafahali wawili hawakai zizi moja,
kwa hiyo kila Ijumaa tulimletea wa pili,
watu elfu tatu wamesimama, bia inawamwagikia viatuni.
Glavu huanguka kwanza, ndiyo adabu yao.
Kisha ngumi, kisha jezi kuvutwa hadi kichwani,
kisha dakika tano katika kizimba cha adhabu,
ambako mimi, kupitia kioo, nilimwona
akihesabu vidole vyake.

Meno yalikwenda msimu wa pili, manne ya mbele.
Klabu ikamlipia mengine, ya kaure, mazuri,
halafu ikamwomba ayavue kila kamera inapokuja.
Lile bango la duka la magari pale njia panda:
Fahali anacheka, pengo jeusi kama mlango wa mgodi,
na chini yake, NJOO TUPATANE BEI.
Watoto walibandika utepe mweusi kwenye meno yao mazima
ili wafanane naye.
Yale ya kaure niliyatunza mimi,
katika kikombe cha chai, rafu ya juu, kando ya nta na uzi.
"Nipe uso, Fernande," angesema mahojiano yakiisha,
nami namkabidhi kikombe.

Mabao? Mawili.
La kwanza lilimgonga gotini likaingia lenyewe,
na hilo walilishangilia wiki nzima.
La pili sijasikia mtu akilitaja.
Februari, dakika za mwisho, tumeshafungwa sita,
watu wanapapasa funguo za magari.
Akawapita watatu. Naapa, watatu,
mwili umelala upande mmoja, magoti yanakaribia kubusu barafu,
na kisahani kikapanda taratibu, kikakaa wavuni
kama mgeni aliyeambiwa asiamshe watoto.
Kamera ilikuwa inatazama ngumi za wengine, upande wa pili.
Akageuka, akanitafuta mlangoni mwa stoo.
Nikanyanyua kinoo juu. Sikuwa na kitu kingine mkononi.

Walimuaga Machi. Zulia jekundu juu ya barafu,
jezi yake inapandishwa darini kwa kamba
iliyokwama nusu ya safari.
Alipitia kwangu kwanza. Shati jeupe, vifungo vidogo,
na vile vidole, vilivyovunjika sijui mara ngapi,
vikivikosa, vikivikosa tena.
Nikamfunga vyote saba, kama mtoto wa shule.
Akayavaa meno. Akatoka.
Akasema, kwa sauti ya chini na matamshi safi,
kwamba anamshukuru mama yake
na anayemnolea viatu.

Ukumbi ukangoja. Watu wakatazamana
kama abiria waliopanda basi la njia nyingine.
Ndipo mmoja, kutoka viti vya juu kabisa:
"Vua meno, Fahali!"
na kicheko kikashuka ngazi kwa ngazi hadi barafuni.

Akacheka nao. Mkono ukapanda hadi mdomoni,
ukasimama hapo.

Kikombe kilikuwa mfukoni mwa aproni yangu.
Nikakifunika kwa kiganja.