Mita Nne

Setilaiti ziko juu, hatuzioni,
na binti yangu Zdislava amezituma zote
zimtafutie kopo la plastiki.
Ni Jumapili, vilima vya Vysočina, Oktoba.
Misonobari inadondosha mvua ya jana
na buti za Vilém zimeshajaa matope
kabla hatujafika hata penye uzio.

Mita mia mbili, yasema simu.
Mita tisini.
Mita mia na kumi. Tumepotoka, turudi.
Otakar yuko nyuma na chupa ya chai.
Siku nyingine yeye ndiye mwenye pupa,
hupindua mawe kama mtu anayedai deni.
Leo anatazama ncha za viatu vyake.

Mita nne.
Hapo simu hunyamaza, macho yakaanza kazi.
Mita nne ni nyumba nzima kwa asiyejua mlango.
Tukapekua mizizi, tukapapasa mashimo,
Vilém akaapa kalishika: kumbe konokono.
Mama mmoja akapita na kikapu cha uyoga.
Sote tukainama kufunga kamba za viatu,
watu wanne, viatu vinane,
kamba zote zimelegea dakika moja!
Alitusalimu, akaenda zake akitabasamu.
Mchezo una miiko: asiyecheza asijue.

Mtafutaji hachoki, akichoka keshapata.
Vilém alichoka hajapata.
Akaketi juu ya jiwe, akaangua kilio,
na jiwe likacheza.

Chini yake, kopo.
Ndani: gololi, sarafu ya Poland,
dinosaria asiye na mkia,
penseli fupi kama kidole gumba,
na daftari lililovimba kwa unyevu.
Kusoma majina ni kazi ya Zdislava, haazimi mtu.
«Familia ya Hrubeš. Mbwa wetu kalowa.»
«Maharusi kutoka Brno, tumebishana njia nzima.»
«Otakar. Peke yangu. Kumi na nne Machi.
Sikuchukua kitu. Nimeacha kifungo.»
Akacheka. «Baba! Kuna Otakar mwingine!»

Nilisikia kifungo cha jela
kabla sijakiona cha nguo.

Machi ile.
Siku kumi na moja, upande mmoja wa kitanda baridi,
sahani nne mezani kwa mazoea,
nami nawaambia watoto: kazi, kazi ya mbali.
Aliporudi sikuuliza. Hakusema.
Siri ya mtungi aijuaye kata,
na miaka miwili niliamini
kata hiyo ina jina la mwanamke.

Kumbe alipiga magoti hapa,
theluji ikiyeyuka, akiandika kwa penseli hii.
Nikachakura chini ya gololi: cha bluu, matundu manne,
cha koti la Zdislava la utotoni.
Nilikitafuta hadi nyuma ya jokofu.

Nikainua uso. Alikuwa amesimama mbali kidogo,
mita nne hivi.
«Chai?» akasema.
«Nimiminie,» nikasema.

Sheria ya kopo ni moja: ukichukua,
acha chenye thamani ile ile au zaidi.
Nikachukua kifungo. Nikapapasa mfuko:
risiti, pipi ya mnanaa,
ufunguo wa kabati tuliloliuza.
Niliacha pipi. Najua haikutosha.
Vilém naye alijua, akanipigia kelele:
«Mama, hiyo ni wizi!»

Tuliandika wote. Jina la Vilém
lilikula mistari mitatu, herufi moja imegeuka nyuma.
Otakar alishika penseli muda mrefu
kuliko jina lake linavyohitaji,
kisha akaandika neno moja tu: Tena.

Jiwe tukalirudisha lilivyolala.
Zdislava keshapata lingine kwenye simu,
kilomita moja na nusu, nyuma ya kinu cha maji.
Safari hii Otakar alitangulia.
Mimi nilibaki nyuma kidogo na chupa tupu,
kifungo kwenye kiganja,
nikihesabu matundu kwa kucha.