Upande wa Chini

Ukitoka Sikonge, ukaiacha barabara ya Mpanda,
ukafuata njia ya warina asali, kabla hujaufikia Ugalla,
liko jiwe jeusi, pande nne, ncha juu.
Sisi tuliliita Mgeni.
Halikuwa na jina jingine
mpaka walipokuja wenye madaftari.

Mjerumani alitaka kulipeleka kwao:
wapagazi arobaini, kamba za magome,
wakavuta tangu alfajiri, likainama tu,
likabaki hivyo, kama mtu anayesikiliza mzinga.
Mwingereza akalinakili kwa karatasi na mkaa,
akaandika pembeni: Haielekei.

Sabini na nne akaja bwana wa Mambo ya Kale.
Akaonyesha mwewe, jicho, mistari ya maji.
Haya ni maandishi ya Misri, akasema,
na hapa palikuwa na jina,
nani amepakwangua?

Baba yangu, Lugembe, alikuwa ananoa panga palepale.

Faini shilingi mia mbili.
Aliuza madebe ya asali, akalipa,
risiti akaihifadhi kwenye kopo la maziwa ya unga.
Tangu siku ile, kila kilabuni, kila msibani:
Lugembe, aliyefuta jina la Farao.

Kisha wakaja wa zebaki, kutoka Kahama,
na kondoo mweusi, na mashine inayolia.
Usiku wa tatu Mgeni akaanguka.
Dhahabu hakuna. Mtungi mmoja,
mdomo umezibwa kwa nta.
Mmoja akachovya kidole, akalamba,
wenzake wakakaa kimya wakingoja afe.
Hakufa. Akasema, "Mtundu.
Hii ni ya maua ya mtundu."
Wakakimbia, wakaacha hata koleo.

Ndipo tulipoona jiwe lina upande wa tano,
ule uliokuwa umelala udongoni.

Daktari Nagla alikuja kutoka Kairo,
akakaa hemani wiki mbili, akala michembe yetu na karanga.
Pande zote nne zilijisifu kwa sauti moja:
nimelifikia chimbuko la Mto,
nimesimamisha jiwe hili kwa ajili ya mfalme.
Lakini chini herufi zilikuwa ndogo, za haraka,
za mtu anayeandika wenzake wakiwa wamelala.
Yeye alisoma kwa Kiarabu,
Sizya dereva akafasiri,
mimi nikatia mizani.
Kilichodondoka njiani mtatusamehe:

*Niliandika kwa bwana, maji yako nimepata,*
*si kweli, nasema tena, magharibi yanapita;*
*nyayo zimechoka sana, na nyuki wameniita,*
*sirudi, na nina mwana, jina langu nalifuta.*

Magharibi. Mchunga ng'ombe yeyote angemwambia:
Ugalla huingia Malagarasi,
Malagarasi huingia ziwani,
na ziwa letu halijui njia ya Misri.
Labda walimwambia.
Labda aliuliza mara mbili,
akatazama mizinga juu ya miti,
akaagiza patasi.

Nilikwenda kwa baba nikikimbia, mimi mtu mzima,
mwenye wajukuu.
Nikamwambia: si wewe! Alijifuta mwenyewe,
miaka elfu tatu kabla ya panga lako!

Alikuwa anashona mzinga wa gome.
Hakuinua kichwa.
"Nilinoa kweli," akasema.
"Ila nilikuta pameshaanza."

Akavuta kamba, akafunga fundo, akalikata kwa meno.

"Huyo mtoto wake," akauliza,
"wameandika alikuwa wa nani?"

Nikasema hapana.

Akanyamaza muda mrefu,
akijipapasa pua, polepole,
kisha akanituma nikalete lile kopo.